Kumkinga mtoto kabla mambo hayajaharibika: kazi ya mwanasaikolojia wa kinga

Swali la msomaji: "Nimemaliza shahada ya kwanza ya saikolojia. Nawapenda watoto, lakini sijioni nikikaa chumbani miaka thelathini nikitibu mmoja mmoja baada ya mambo kuharibika. Nasikia wapo wanasaikolojia ambao kazi yao ni kuzuia: uchokozi, ukaidi, uvutaji, na hata maradhi yanayotokana na mazoea ya utotoni. Je, hiyo ni kazi ya kweli? Wanafanya nini hasa, nisome nini, na watu hukosea wapi?"

Jibu:

Ni kazi ya kweli, ndugu, ila haifanani na wengi wanavyoidhania. Mwanasaikolojia wa kinga huonana na watoto mara chache. Anaofanya nao kazi ni watu wazima waliomzunguka mtoto: mama, baba, bibi anayelea wajukuu, mwalimu wa darasa la kwanza, muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutafuta wapi, katika mfululizo wa mambo yanayompeleka mtoto pabaya, panaweza kukatwa mapema. Ya pili ni kupima, kwa uangalifu ule ule wa mtu anayepima dawa mpya, kama pamekatika kweli. Hii ya pili wengi huikimbia, nayo ndiyo inayotenganisha fani hii na huruma ya kawaida. Nitaanza nayo.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulianza mpango wa kuwakinga wavulana wasije wakawa wahalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia na mwenendo. Kwa kurusha sarafu, mmoja akaingizwa kwenye mpango na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Walioingizwa walipata mshauri wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, na wengine wakapelekwa kambini wakati wa kiangazi. Kwa wastani huduma hiyo ilidumu miaka mitano. Baada ya zaidi ya miaka 30, mtafiti Joan McCord akawatafuta, naye akachapisha alichokikuta mwaka 1978. Waliohudumiwa hawakuwa wamewazidi wenzao kwa lolote, na kwa mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi: ulevi, magonjwa makubwa ya akili, kurudia uhalifu, kufa mapema. Na bado wengi wao walipoulizwa walisema mpango ule uliwafaa.

Hapo pana somo zima la fani yako. Kama wapimaji wangeishia kuuliza "Je, umeridhika?", mpango ungetangazwa kuwa umefaulu na ungesambazwa kila mahali. Kama lisingekuwepo kundi la ulinganisho, hakuna ambaye angejua kwamba watoto waliumizwa na watu wenye nia njema kabisa. McCord alipoendelea kuchambua, aligundua kuwa madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 yeye na Thomas Dishion pamoja na mwenzao mwingine walieleza sababu yake: ukiwakusanya vijana wenye mwenendo mbaya mahali pamoja, wanafundishana. Kijana anasimulia alivyomwibia jirani, wenzake wanacheka, na kicheko kile ni malipo ambayo mshauri hawezi kushindana nayo hata akizungumza saa nzima. Ndiyo maana siku hizi mtu anayejua kazi hakubali kuunda kundi la vijana watukutu peke yao. Huwachanganya na wenzao watulivu, au hufanya kazi na wazazi wao. Mipango ya kuwapeleka vijana magerezani ili watishwe na wafungwa nayo ilipopimwa ilionekana kuongeza uhalifu, ingawa watu bado wanaipenda kwa sababu inaonekana kali.

Sasa tuje kwenye kutafuta pa kukatia.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walikaa majumbani mwa familia na kuandika, kila baada ya sekunde chache, nani kafanya nini na mwenziwe kajibuje. Walichokiona unaweza kukiona katika nyumba yoyote. Mama anamwambia mtoto wa miaka minne aache kuchezea simu. Mtoto analalamika. Mama anarudia kwa sauti ya juu. Mtoto anajitupa chini na kupiga mayowe. Mama amechoka, anasema, "Haya chukua, ila uninyamazie." Kimya. Tazama malipo yalivyogawanywa: mtoto kajifunza kuwa mayowe yanalipa, na mama kajifunza kuwa kukubali kunaleta amani mara moja. Wote wawili wamelipwa, kwa hiyo kesho watarudia, na kesho kutwa mtoto ataanzia kwenye mayowe moja kwa moja bila kupitia malalamiko. Siku nyingine mama atapiga kelele kuliko mtoto, au atapiga kofi, na mtoto atanyamaza. Hapo mama naye ameonja faida ya ukali, na kiwango cha ukali kitapanda.

Mtoto huyu akifika shule anabeba mbinu hiyo hiyo. Wenzake wanamkwepa, mwalimu anamtoa nje, anakosa masomo, anabaki na marafiki waliokataliwa kama yeye. Akifika miaka kumi na mbili ana kundi, na kundi lina sigara. Ukiutazama mfululizo huu wote utaona kwamba pa rahisi kukatia ni pale mwanzo, mtoto akiwa kati ya miaka miwili na minane, pale ambapo mchezo mzima bado unachezwa na watu wawili jikoni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa nusu ya matatizo yote ya akili ya maishani huwa yameshaanza mtu akifika umri wa miaka 14. Anayesubiri mpaka kijana aletwe kliniki amechelewa kwa miaka mingi.

Na usifikiri ni tabia peke yake. Mzunguko ule ule ndio unaoharibu usingizi (mtoto analia, anatolewa kitandani, kesho analia zaidi), upigaji mswaki, na matumizi ya dawa za kila siku. Mtoto mwenye pumu anayeacha dawa yake ya kuvuta ya kuzuia mashambulizi mara nyingi anaiacha kwa sababu hakuna kitu katika siku yake kinachomkumbusha, na kila akikumbushwa kunazuka ugomvi. Mwanasaikolojia hapo hatoi mhadhara kuhusu mapafu. Anaifunga dawa kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku bila kukosa, kwa mfano kuweka kifaa kando ya mswaki, na kumfundisha mzazi kusema neno moja la sifa mara mtoto anapomaliza. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wa skrini usiozidi saa moja. Kumwambia mzazi namba hizo ni kazi ya dakika moja. Kumsaidia kupanga mambo matatu ya kabla ya kulala, yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kuyashika hata usiku ambao mtoto analia, hiyo ndiyo kazi ya kitaaluma.

Utakutana sana na mgawanyo wa ngazi tatu, ambao asili yake ni pendekezo la Robert Gordon la mwaka 1983: kinga kwa wote, kinga kwa walio katika hali ya hatari, na kinga kwa walioanza kuonyesha dalili. Ufahamu, lakini usiugeuze msahafu. Faida yake kubwa ni kukulazimisha ujibu swali la nani na kwa kiasi gani. Mfano mzuri wa kinga kwa wote ni kumlaza mtoto mchanga chali. Kampeni ya kitaifa ilipoanza Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Ni kitendo kimoja, kinaeleweka, hakina gharama, na kila mzazi anaweza kuambiwa. Mfano mwingine ni kuwaeleza wazazi wapya kwamba kilio cha mtoto mchanga hupanda katika wiki za kwanza, hufikia kilele karibu na mwezi wa pili, kisha hushuka chenyewe. Na kwamba ukihisi hasira inakujaa, mlaze mtoto mahali salama, toka nje dakika chache, urudi. Watoto wengi wanaotikiswa hadi kuumia ubongo hutikiswa katika kipindi hicho hicho cha kilio kikali.

Umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hii. Tazama njia ya David Olds, mwanasaikolojia wa ukuaji wa binadamu. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto huko Baltimore, akaona kuwa baadhi ya watoto wa miaka minne walikuwa wameshaumia, hivyo msaada ulipaswa kuanza mapema zaidi, hata kabla ya kuzaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha jaribio Elmira, jimbo la New York, na wajawazito 400 wa uzazi wa kwanza waliogawanywa kwa bahati nasibu. Muuguzi humtembelea mama nyumbani tangu ujauzito hadi mtoto atimize miaka miwili. Ratiba yake ya kawaida ni hii: kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mpaka kujifungua, kila wiki kwa wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, kisha kila wiki mbili hadi mtoto afike miezi 21, halafu mara moja kwa mwezi. Kwa kawaida muuguzi mmoja hubeba familia 25 hivi, maana akizidisha sana, ziara zinaanza kuwa fupi na za kujaza fomu. Familia za Elmira zilipofuatiliwa miaka 15, taarifa zilizothibitishwa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu ukilinganisha na kundi lisilotembelewa.

Kinachonigusa zaidi katika kazi ya Olds ni subira. Hakuukimbiza mpango ule sokoni. Aliurudia Memphis kwa jamii nyingine, akaurudia tena Denver, ambako alilinganisha wauguzi na wahudumu wasio wauguzi (wauguzi walizaa matokeo makubwa zaidi), na usambazaji ukaanza mwaka 1996 tu. Hata hivyo mpango huo huo ulipopimwa Uingereza, kwa matokeo yaliyochapishwa 2015, haukupunguza uvutaji wa akina mama, wala haukubadilisha uzito wa kuzaliwa wa watoto, mimba za kufuatana haraka, au kwenda hospitali kwa dharura. Maelezo mojawapo ni kwamba mama asiyepata mpango kule tayari alikuwa na wakunga na wauguzi wa kumtembelea, kwa hiyo tofauti ikawa ndogo. Shika hilo: nguvu ya mpango hupimwa dhidi ya kile ambacho watu wangepata bila huo mpango. Mpango uliong'aa mahali ambapo hapakuwa na kitu unaweza kufifia kabisa mahali penye huduma.

Upande wa shule, mpango ninaotaka uujue kwa undani ni mchezo wa tabia njema, uliochapishwa kwa mara ya kwanza 1969. Mwalimu anagawa darasa katika timu, kila timu ikiwa na mchanganyiko wa watundu na watulivu. Anatundika sheria chache zilizosemwa kwa namna inayoonekana kwa macho, mfano "tunafanya kazi kimya", "tunaomba ruhusa kabla ya kuondoka kwenye kiti". Anatangaza kwamba mchezo umeanza, kisha anaendelea kufundisha kama kawaida. Mtoto akivunja sheria, mwalimu anataja kwa utulivu sheria iliyovunjwa na timu gani, anaweka alama moja ubaoni, anaisifu timu nyingine inayoendelea vizuri, na somo linasonga. Timu yoyote iliyomaliza na alama nne au pungufu imeshinda, na zote zinaweza kushinda. Mwanzoni huchezwa dakika kumi, mara tatu kwa wiki. Baadaye muda unarefushwa, zawadi za vitu zinageuzwa kuwa vitendo kama dakika za ziada za kucheza, na mwalimu anaanza mchezo bila kuutangaza, ili tabia isitegemee tangazo.

Baltimore, katika miaka ya 1980, Sheppard Kellam na wenzake waliupima mchezo huu kwa madarasa ya kwanza yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, kisha wakawafuata watoto wale mpaka utu uzima. Wavulana waliokuwa wakali zaidi walipoanza darasa la kwanza walikuja kuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya ukilinganisha na wavulana wa aina yao waliokuwa madarasa ya kawaida. Mchezo wa dakika kumi, mtoto akiwa na miaka sita.

Unavyoharibika: mwalimu anakasirika anapoweka alama, mchezo unageuka adhabu ya hadhara. Au anaweka watundu wote timu moja, nayo inashindwa kila siku mpaka inaacha kujali. Au mtoto mmoja anagundua kuwa anaweza kuiangusha timu yake makusudi na kutazamwa na darasa zima. Huyo muundie timu ya peke yake kwa muda, bila maneno mengi. Au sheria ni "kuwa na heshima", ambayo hakuna anayejua imevunjwa lini. Kazi ya mwanasaikolojia hapa ni kukaa nyuma ya darasa kila wiki, kuhesabu, na kuzungumza na mwalimu dakika kumi baada ya kipindi kuhusu jambo moja tu la kurekebisha. Semina ya siku mbili bila ufuatiliaji wa darasani haibadilishi mwalimu yeyote.

Makundi ya wazazi ndiko utakakotumia miaka yako ya mwanzo. Mpangilio wa kawaida ni wazazi kumi hadi kumi na wawili, wawezeshaji wawili, vikao kumi hadi kumi na vinne vya saa mbili mbili. Mfuatano wa masomo una sababu yake. Linaanza la kumpa mtoto dakika chache za kucheza kila siku, yeye akiongoza, mzazi asiamuru, asihoji, asisahihishe. Linafuata la sifa zinazotaja kitendo: "umerudisha viatu mahali pake" inafundisha, "mtoto mzuri" haifundishi. Kisha kutoa maagizo: moja kwa wakati, fupi, ukiwa karibu, halafu unasubiri kimya sekunde tano. Mwisho kabisa ndipo yanakuja matokeo ya kutotii, kama kumtenga mtoto kwa muda mfupi mahali pa utulivu. Dakika mbili hadi tano zinatosha kwa watoto wadogo. Wazazi watakuomba uanzie hapo mwisho, kwa sababu ndicho kilichowaleta. Mwezeshaji mchanga huwakubalia ili wasikate tamaa, na hilo ndilo kosa linaloua makundi mengi. Kumtenga mtoto kunafanya kazi kwa kuwa kunamwondoa mahali pazuri. Kama mtoto na mzazi hawajajenga bado nyakati nzuri, unamwondoa kwenye nini?

Tatizo jingine la makundi ni mahudhurio, na mara nyingi chanzo chake kiko kwenye mambo madogo: kikao kimewekwa saa za kazi, hakuna wa kuwaangalia watoto, mzazi aliyekosa mara moja anaona haya kurudi. Mpigie simu aliyekosa kabla kikao kijacho hakijafika, umweleze kilichofanyika, umwambie nafasi yake ipo. Panga wa kulea watoto kwenye chumba cha pili. Na katika kila kikao wazazi wafanye mazoezi kwa kuigiza, maana mzazi aliyesikiliza tu saa mbili huondoka na maneno mazuri, na jioni ile ile mkono unarudi kwenye mazoea.

Turudi kwenye kupima, nikueleze mitego yake.

Dodoso utakaloliona kila mahali ni lile la Robert Goodman la mwaka 1997 la nguvu na matatizo ya mtoto. Lina maswali 25 katika mafungu matano: hisia, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Mafungu manne ya kwanza yanajumlishwa, alama zikianzia 0 hadi 40. Ni zuri kwa kuona hali ya kundi, lakini mipaka ya "kawaida" na "si kawaida" ilipangwa kwa watoto wa Uingereza, kwa hiyo usiibandike kwa watoto wa kwingine kabla ya kupima jamii yao. Tafsiri nayo ikaguliwe kwa kurudishwa katika lugha ya awali na mtu ambaye hakuona andiko la kwanza.

Mtego wa kwanza: wazazi hujiandikisha mtoto akiwa katika wiki zake mbaya kuliko zote. Wiki nane baadaye wengi watakuwa wametulia hata kama hukufanya lolote, kwa sababu kilichopanda sana kwa kawaida hushuka. Kipimo cha kabla na baada, bila kundi la ulinganisho, kitakupongeza kwa kazi ya wakati. Mtego wa pili: anayejaza dodoso ni yule yule uliyemfundisha. Amekupenda, ametoa muda wake, atajaza kwa matumaini. Ongeza jicho ambalo halijui nani alikuwa kundi gani, iwe ni mwalimu au mwangalizi aliyefunzwa. Ikiwa mzazi anasema mtoto amebadilika na mwangalizi haoni tofauti, sema hivyo kwenye ripoti yako, hata kama mfadhili amekunja uso.

Mtego wa tatu ni wa hesabu, nao umezamisha tafiti nyingi. Ukigawanya madarasa na si watoto, watoto wa darasa moja wanafanana: mwalimu mmoja, kelele moja, kiongozi wa utundu mmoja. Tuseme una madarasa 20 ya watoto 25 kila moja, watoto 500, na asilimia 10 ya tofauti za tabia zinatokana na darasa. Chukua 25, toa 1, zidisha kwa 0.10, ongeza 1: unapata 3.4. Gawa 500 kwa 3.4. Kwa nguvu ya takwimu una watoto wapatao 147. Ukichambua kana kwamba ni 500, utatangaza ushindi ambao haupo. Kuongeza watoto kwenye darasa lile lile hakusaidii sana, ongeza madarasa.

Kuhusu masomo, shahada ya kwanza inakuingiza kama mkusanyaji wa takwimu au mwezeshaji msaidizi. Uzamili, kwa kawaida miaka miwili, unakuwezesha kuendesha makundi, kufundisha wawezeshaji na kusimamia mradi. Ukitaka kubuni mipango na kuomba ruzuku kwa jina lako, utahitaji uzamivu, yaani miaka mingine minne hadi sita. Leseni ya kutibu ni njia tofauti, yenye saa za mafunzo chini ya msimamizi. Ushauri wangu ni uichukue kama unaweza, hata ukikusudia kinga, kwa sababu anayewajua watoto wagonjwa kwa karibu hutambua mapema dalili zinazohitaji rufaa, na kwenye makundi ya wazazi dalili hizo zitakujia bila kubisha hodi. Kozi za takwimu usizikwepe. Jifunze uchambuzi wa takwimu zilizopangwa katika ngazi, mtoto ndani ya darasa ndani ya shule, na za watu waliopimwa mara nyingi. Chagua msimamizi mwenye jaribio linaloendelea kuliko mwenye jina kubwa, ili uone kuanzia ombi la kamati ya maadili na ridhaa ya wazazi hadi kipimo cha mwisho.

Ajira ziko vyuo vikuu, wizara za afya na elimu, hospitali za watoto, mamlaka za shule, mashirika ya kimataifa kama UNICEF, na mashirika yasiyo ya kiserikali. Nyingi hutegemea ruzuku za miaka mitatu hadi mitano, wakati matokeo unayoyatafuta huonekana baada ya miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza omba ridhaa ya kuwafuatilia washiriki baadaye, na andika njia kadhaa za kumpata kila familia ikihama: namba ya ndugu, jirani, shule. Watafiti waliopuuza hilo walibaki na jaribio zuri lisilo na mwisho.

Kama unataka kujua mapema kama kazi hii inakufaa, fanya zoezi hili mwezi huu. Omba ruhusa ya shule, na wewe na mwenzako mkae nyuma ya darasa dakika 15. Chagueni tabia moja, mfano kuondoka kwenye kiti bila ruhusa, na mwandike maelezo yake kwa sentensi mbili. Gawanyeni muda katika vipande vya sekunde kumi, mpate 90, na kila mmoja aweke alama kwa kila kipande kama mtoto mliyemchagua alifanya tabia hiyo au la, bila kuchungulia karatasi ya mwenzake. Kisha linganisheni. Mkikubaliana vipande 72 kati ya 90, hiyo ni asilimia 80, kiwango cha chini kinachovumilika. Mkiwa chini ya hapo, rudini kwenye sentensi zenu mbili: je, kuinua makalio huku ameshika meza ni kuondoka? Kusimama kumwazima mwenzake kalamu? Rekebisheni, mrudie siku nyingine. Na ikiwa mtoto alitoka mara mbili tu katika dakika zote, msifurahie asilimia 97, kwa sababu hata aliyesinzia na kuacha vipande vyote wazi angekaribia namba hiyo. Hesabuni makubaliano ya vile vipande ambavyo angalau mmoja wenu aliweka alama.